Na ya Kutolea

Kuna maneno matatu ambayo Watanzania tunayaandika kwenye simu kila siku bila kuyafikiria sana: "na ya kutolea." Mtu anaomba elfu ishirini, halafu anaongeza maneno hayo mwishoni. Maana yake kila mtu anaijua. Ukituma elfu ishirini kamili, mpokeaji akifika kwa wakala hatoki na elfu ishirini, kwa sababu makato ya kutoa pesa yanakula sehemu yake. Anayetuma na ya kutolea amelipa gharama mbili, ya kutuma na ya kupokea. Anayetuma kavu amelipa moja, na ile ya pili amemwachia mwenye shida.

Nadhani maneno hayo yamebeba swali kubwa kuliko makato ya simu. Kila msaada, hata usiopita kwenye simu, una gharama ya kuupokea. Kuna nauli na foleni. Kuna kueleza shida yako mbele ya watu. Kuna kupigwa picha umeshika mfuko wa unga. Kuna kuanza kuitwa "yule tunayemsaidia" na kulazimika kucheka kila anapochekesha aliyekusaidia. Swali ninalolitafakari hapa ni hili: gharama hiyo ailipe nani?

Nieleze kwanza ninaposimama. Nimezaliwa wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, upande wa Dongobesh, na sasa nasoma shahada ya umahiri Dodoma. Naishi kwa posho ya ufadhili ya shilingi laki nne kwa mwezi. Miezi mingine naongeza kidogo kwa kunukuu mahojiano ya watafiti, kazi ya kusikiliza sauti ya mtu na kuandika kila neno hadi masikio yaume. Kodi ya chumba ni elfu sabini. Chakula, nauli, bando na kuchapa kazi vinamaliza karibu yote. Elfu arobaini kwa mwezi, yaani asilimia kumi, naihesabu kuwa si yangu. Ni ya watu.

Najua wengi mnaosoma hapa mna hesabu kama hiyo, hata kama hamjaiandika popote. Aliyeajiriwa, kama alisoma kwa mkopo wa Bodi, anakatwa asilimia 15 ya mshahara kabla hajaugusa, kisha zinaanza simu za nyumbani. Sisi si matajiri. Lakini kijijini mtu aliyefika chuo kikuu ni mtu mwenye kitu, na hakuna faida ya kubishana nao, kwa sababu tukijilinganisha na waliobaki, wana haki.

Tuna methali inayosema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Naipenda, kwa sababu inamnyima mbahili kisingizio chake. Ila ukiisikiliza vizuri, inamzungumzia anayetoa peke yake: moyo wake, mfuko wake. Anayepokea hayumo. Nafikiri hapo ndipo tunapopotelea hata tunapojitahidi "kutoa kwa busara." Busara tunaielekeza kwa mpokeaji ili tumkague. Je, kweli ana shida? Hatainywa? Mwezi uliopita si alitumiwa na mwingine?

Linganisha na kadi ya mchango wa harusi. Rafiki wa rafiki anaoa. Unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, unaambiwa single elfu hamsini, double laki moja, na mweka hazina anakukumbusha kila Ijumaa. Hakuna anayeuliza kama bwana harusi anastahili. Hakuna anayedai risiti ya keki. Lakini mama mwenye watoto wanne akiomba elfu ishirini ya daftari, tunageuka wakaguzi wa hesabu za serikali. Maswali yetu yanaongezeka kadiri anayeomba anavyokuwa mnyonge. Hiyo si busara, kwa sababu busara ingekuwa na maswali mengi zaidi kwenye laki moja kuliko kwenye elfu ishirini.

Darasani tulisoma insha maarufu ya Peter Singer, iliyochapishwa mwaka 1972, aliyoiandika wakati wakimbizi wa Bengali ya Mashariki wakifa kwa njaa na magonjwa. Hoja yake ni nyepesi kueleweka na nzito kukwepa. Ukipita kando ya bwawa dogo ukamwona mtoto anazama, utaingia kumtoa hata kama nguo zako zitachafuka. Basi kama unaweza kuokoa uhai ulioko mbali kwa kutoa kitu kisicho na uzito kama huo, unawajibika kutoa vilevile. Umbali hauondoi wajibu.

Nakubaliana naye kuhusu umbali. Lakini mfano wa bwawa una jambo unalolificha. Mtoto anayezama haombi kwa maneno. Hajazi fomu. Hakutani tena na wewe sokoni wiki inayofuata, akajiuliza kama akusalimie kwanza au asubiri. Ukimtoa majini, kazi imekwisha, na kupokea hakukumgharimu chochote. Umaskini wa kawaida, ule wa miaka, haufanani na bwawa. Ndani yake watu wanakutana tena na tena, na kila wanapokutana yule aliyepokea anakumbuka.

Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, aliliona hilo karibu miaka elfu mbili kabla ya simu. Aliandika vitabu 7 kuhusu kutoa na kupokea fadhila, na katika mojawapo anasema kwamba hakuna kitu cha bei ghali kama kile ulichokipata kwa kusihi. Kwa maneno ya kwetu: aliyeomba hadi akapewa, ameshalipa. Na amelipa kwa sarafu ambayo anayetoa haioni.

Kuna siku, lakini, ambapo bwawa linakuja lenyewe. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh, Gendabi na maeneo ya jirani. Mlima huo una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na watu waliokua chini yake wanautazama kama mtu anavyomtazama babu yake. Kwa hesabu ya serikali walikufa watu 89. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatisha safari akarudi. Nchi nzima ilichanga.

Sisi vijana tuliotoka Manyara tulikuwa na kundi letu la simu, na tulichanga pia. Tukabishana usiku kucha. Wengine walitaka tununue nguo na unga tupakie gari. Wengine walitaka tutume pesa. Mmoja akaandika sentensi ambayo sijaisahau: "Pesa wataitumia vibaya." Watu waliopoteza nyumba na ndugu asubuhi moja, na sisi tulio kwenye vitanda vyetu tunahofia matumizi yao! Hatimaye dada mmoja akapendekeza tumpigie mwalimu anayemfahamu Katesh, aulize waliopewa hifadhi wanakosa nini. Jibu halikuwa nguo. Ilikuwa taulo za kike, sufuria, na nauli ya kwenda kuwatazama majeruhi waliolazwa. Tulituma pesa.

Siku kama hizo zinastahili haraka. Blanketi lolote usiku wa kwanza ni bora kuliko blanketi lililofikiriwa vizuri usiku wa nne, na mtu anayesema "tusubiri tutafakari" wakati tope halijakauka anatumia busara kama mlango wa kutokea. Lakini hata katika haraka, simu ile moja ya kuuliza ilichukua dakika sita. Furushi la nguo ambalo hakuna aliyeliomba linahitaji mtu wa kulipokea, kulifungua, kulipanga na kuligawa, na mtu huyo ndiye aliyepoteza nyumba. Pia maafa yana mwezi wa tatu na mwaka wa pili. Zilijengwa nyumba zaidi ya 100 eneo la Waret kwa walioathirika, na nyumba ni jambo kubwa. Lakini mtu akihama kutoka shamba, duka na majirani aliowajua, kuna gharama ya kupokea nyumba mpya ambayo haipo kwenye ukuta wala bati. Michango yetu ilikwisha Januari, wakati gharama hiyo ndiyo kwanza inaanza.

Wilaya hiyohiyo ya Hanang ina kisa kingine, cha zamani zaidi, ambacho kinaonyesha ukubwa ambao gharama ya kupokea inaweza kuufikia. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, Kanada iliisaidia Tanzania kulima ngano kwenye tambarare za Basotu. Yalianzishwa mashamba makubwa chini ya shirika la umma la NAFCO, hadi yakafika saba, kila moja la ekari zipatazo 10,000. Msaada ulikuwa wa kweli: matrekta, wataalamu, mafunzo. Lengo nalo lilikuwa zuri, nchi ijilishe mkate wake.

Ila tambarare zile hazikuwa tupu. Zilikuwa malisho ya Wabarabaig, wafugaji wa jamii ya Wadatoga, waliokuwa wakihamisha mifugo kwa majira, na ndani yake kulikuwa na makaburi ya wazee wao, vichuguu vinavyojengwa kwa heshima na kutembelewa na vizazi. Malisho yalilimwa, na makaburi mengine yalilimwa nayo. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikawapa ushindi, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua. Mkanada aliyelipa kodi yake kwa nia njema hakumwona Mbarabaig akitafuta njia ya kufikisha ng'ombe majini. Kwenye makaratasi aliyepokea msaada ni taifa. Aliyelipa ya kutolea ni mfugaji.

Nayataja haya si kwa kusema misaada mikubwa ni mibaya. Huko Mbulu kuna Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955, na sijui ni familia ngapi za kwetu ambazo hazina mtu aliyezaliwa au kutibiwa pale. Tofauti ya kisa kimoja na kingine haiko kwenye nia wala kwenye kiasi cha fedha. Iko kwenye kuuliza: mtu huyu, ili apokee hiki, itabidi aachie nini?

Kabla ya wahisani, wazee wa kwetu walikuwa na jibu lao, na bado lipo. Miongoni mwa Wairaqw, na majirani zao Wadatoga pia, mwenye ng'ombe wengi humkopesha ng'ombe mwenye kaya isiyo na kitu. Anayepokea anakamua maziwa kwa ajili ya watoto, anapata samadi ya shamba, na dume anaweza kulimia. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na wanaozaliwa wanagawanywa kwa makubaliano. Mwenye mali naye anafaidi, kwa kuwa mifugo iliyotawanyika kwenye mazizi kadhaa haiishi yote ugonjwa ukiingia zizi moja.

Nilipokuwa mtoto niliona ni jambo la kawaida kama mvua. Nilipoanza kusoma mambo ya haki na maadili ndipo nilipoona ujanja wake. Aliyepokea hakusimama mlangoni na bakuli. Anafanya kazi ambayo mwenye ng'ombe anaihitaji kweli. Akimtunza vizuri, anasifiwa kwa mikono yake, si kwa shida zake. Akipita mwenye ng'ombe njiani, wanazungumza habari za ndama, kila mmoja ana la kusema. Gharama ya kupokea imegawanywa mpaka haionekani. Sidai kwamba mfumo huo hauna kasoro: mwenye nacho anabaki na nguvu, na kaya isiyo na mtu wa kuchunga inaachwa nje. Lakini walioubuni walijua jambo ambalo sisi wenye simu tunalisahau, kwamba mtu anaweza kushiba na bado akawa amepoteza.

Mwaka juzi jambo hilo lilinifikia mwenyewe. Nyuma ya kwetu anaishi mama mjane ninayemwita mama mkubwa, ingawa hatuna damu moja. Analima maharage na vitunguu saumu kwenye kipande kidogo. Binti yake alifaulu kidato cha nne na kupangiwa kidato cha tano katika shule ya bweni, mkoa mwingine. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022, kwa hiyo kwenye hotuba mtoto huyo anasoma bure. Fomu ya kujiunga inasema vingine: godoro, shuka, tranka, ndoo, jembe, fagio, rimu ya karatasi, sare pea mbili, viatu, nauli.

Mama mkubwa alinipigia mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Masomo?"

Tulizunguka kwenye mvua, kwenye mguu wa mama yangu, kwenye bei ya mbolea. Kisha akasema anahitaji laki moja na ishirini, na akaongeza haraka: "Siombi. Nakopa. Saumu zikitoka nakurudishia."

Hiyo ni fedha ya watu ya miezi mitatu. Nilikuwa nayo, kwa sababu huwa naiweka pembeni hata mwezi usio na simu. Nikamwambia asihangaike kurudisha, achukue tu, mtoto ni wetu sote. Nilidhani nampunguzia mzigo. Akanyamaza kidogo, kisha akanijibu kwa upole, kama anayemweleza mtoto: "Ukinipa, mwakani akikosa nauli nitakupigiaje tena? Lakini nikikulipa, naweza kurudi."

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu haki ya ugawaji, na sijakutana na hoja iliyokaa vizuri kuliko hiyo. Kwa hesabu za kawaida zawadi ni bora kuliko mkopo, kwa kuwa anayepewa anabaki na zaidi. Kwa hesabu zake zawadi ilikuwa ghali, kwa kuwa ingemfungia mlango. Deni lilimwacha na kitu ambacho sikukiona kwenye hesabu yangu: ruhusa ya kupiga simu tena. Nilimkopesha. Nilituma na ya kutolea.

Msimu ule bei ya saumu haikuwa nzuri. Alinitumia elfu sabini, kisha akaniambia niende stendi, kuna mzigo kwenye basi. Ilikuwa debe moja la maharage. Nilipotoa pesa ya usafirishaji, kijana wa mizigo alinizuia: "Umeshalipiwa huo." Hesabu tumeifunga hapo, sisi wawili, bila karatasi. Binti sasa yuko chuo, na mwaka jana mama yake alipiga tena.

Huenda mtu akauliza: sasa tukopeshe badala ya kutoa? Hapana. Kuna wasio na saumu wala maharage, na kumdai mtu wa namna hiyo ni ukatili wenye jina zuri. Ninachosema ni kwamba mpokeaji ndiye anayejua bei ya kupokea kwake, na njia ya kuijua ni kumsikiliza anavyoomba, si kiasi tu anachoomba. Mmoja anataka kukopa. Mwingine anataka umnunulie kuku wake hata kama hujui utampeleka wapi. Mwingine anataka pesa ipitie kwa dada yake ili mumewe asijue. Hayo si madoido. Ni makato, na anakuonyesha yalipo.

Pia kuna njia za kuyalipa makato hayo kabla ya shida kufika. VICOBA vya kinamama, pamoja na hisa na mikopo, vina mfuko wa jamii. Kila mkutano kila mwanachama anatumbukiza kiasi kidogo, na sanduku lenye kufuli tatu linatunzwa na mmoja huku funguo zikikaa kwa wengine watatu. Akifiwa au akiuguliwa, mwanachama anachukua kwa mujibu wa katiba yao. Haombi. Wote walishalipia aibu hiyo mapema, kidogo kidogo, kila mtu kwa zamu yake. Mfuko wa TASAF wa kunusuru kaya maskini umefanya mengi, lakini pale mwanzo kaya zinatajwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji kabla ya dodoso kujazwa. Kuna sababu nzuri, majirani wanajuana na uwazi unazuia upendeleo. Bado, kusikia jina lako likiitwa kuwa fukara mbele ya wanao ni malipo, na hayaandikwi kwenye kitabu chochote.

Na kuhusu ile hofu ya "wataitumia vibaya," ipo mizani. Huko Siaya, magharibi mwa Kenya, kati ya mwaka 2014 na 2017 shirika la GiveDirectly lilizipa kaya zaidi ya 10,500 takribani dola 1,000 kila moja kwa simu, bila masharti. Watafiti walifuatilia vijiji 653, vilivyopewa na visivyopewa. Pesa ilizunguka: kila dola iliongeza uchumi wa eneo lile kwa takribani dola mbili na nusu, hata majirani ambao hawakupewa walifaidika, na bei za bidhaa zilipanda kwa kiasi kidogo mno. Lakini shirika hilohilo lilipofika Homa Bay, si mbali na hapo, karibu nusu ya watu waliofikiwa katika eneo moja walikataa. Uvumi ulienea kwamba pesa ya bure ina mashetani nyuma yake. Wasomi tunaweza kucheka. Mimi naona walikuwa wanauliza swali la mama mkubwa kwa lugha nyingine: nikichukua hii, nitadaiwa nini baadaye?

Limebaki pingamizi moja ambalo nalichukulia kwa uzito. Kama kila msaada lazima ubebe gharama zake zote, sisi wenye laki nne tutawasaidia wachache zaidi. Elfu arobaini itakuwa elfu thelathini na saba na makato. Nauli ya kwenda kuuliza itakula unga. Ni kweli. Lakini gharama ile haitoweki tukikataa kuilipa. Inahamia kwa mwenye uwezo mdogo zaidi wa kuilipa, na huko haionekani kwenye hesabu zetu, ndiyo maana tunadhani tumesaidia wengi. Julai 2021 serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, nchi nzima ililalamika hadi ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba ileile. Tuliiona kwa sababu ilikatwa kwetu. Tozo tunazowakata wengine kwa namna tunavyotoa hakuna anayezipigia kelele.

Kwa upande mwingine, kulipa gharama kunamtaka mtoaji awe na mipaka anayoijua. Nina mwenzangu aliyechukua mkopo wa kausha damu ili amtumie kaka yake, akaishia kukopa kwa watu watano kulipa riba. Ukitoa usichonacho, umetuma kavu: mtu mwingine, pengine mwanao wa baadaye, atalipa makato. Kwa sababu hiyo elfu arobaini yangu ina ukomo, na ikiisha nasema imeisha, siku hiyohiyo. "Ngoja nione" ni jibu la gharama kubwa kwa anayengoja. Anashinda na simu mkononi, hatafuti kwingine, na kesho yake duka limefungwa. Hapana ya mapema nayo ni msaada.

Kwa hiyo hesabu ya mwisho wa mwezi nimeipunguza maswali. Siulizi tena kama anastahili. Umaskini haugawiwi kwa tabia, na mimi sikuchaguliwa kuwa hakimu. Naulizia yanayonihusu: ninayo kweli? Nimemsikiliza anavyotaka? Ataipokeaje bila kupoteza kitu? Itafika nzima? Ni maswali manne, na yote yananikagua mimi.

Waliobuni yale maneno matatu ya kwenye simu hawakuwa wanafalsafa. Walikuwa watu waliosimama kwa wakala, wakahesabu noti, wakakuta pungufu. Aliyewahi kupungukiwa pale dirishani hahitaji insha kumwambia alipe ya kutolea. Wengine ndio tunaohitaji kukumbushwa.